Nani Alipe Gharama ya Maji Safi? Funzo kutoka Mji Mkongwe wa Unguja

Katika makala hii tunakusudia kutazama historia ya maji ya Mji Mkongwe wa Unguja tangu karne ya 19. Huenda msomaji akauliza, mchungaji ana shauri gani na visima? Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, hakuwalaumu kondoo wanono kwa kunywa maji safi. Aliwalaumu kwa kuyavuruga kwa miguu yale waliyoyasaza, hata wanyonge wakawa hawana mengine ya kunywa. Hilo ni neno la hukumu, nalo lahusu kisima.

1. Mji na visima vyake

Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, mji ulikua upesi kwa biashara ya watumwa, pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Nyumba zilibanana; visima, vyoo na makaburi vikawa majirani. Tena, sehemu kubwa ya kisiwa ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa nyingi. Kimwagwacho juu hushuka upesi hata kwenye maji matamu, ambayo yenyewe yamelala juu ya maji ya chumvi.

Kipindupindu kiliupiga mji mwaka 1858, kikarudi mwaka 1869. Daktari James Christie, aliyeishi Unguja wakati huo, alichapisha kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Alifuatia njia ya ugonjwa kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kutoka huko hadi kisiwani. Wala hakuficha uchafu wa mji. Kidudu chenyewe kilikuwa hakijathibitishwa. Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mwaka 1884.

2. Mfereji wa Seyyid Barghash

Seyyid Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, akauona mji mkubwa ulivyohudumiwa. Katika miaka ya 1880 maji ya Chemchem, nje ya mji, yaliletwa kwa mfereji, na watu wakateka bila malipo. Tunalisifu tendo hilo, kwa maana maskini na tajiri walipata maji yale yale.

Hata hivyo, mwanahistoria wa Kanisa hana budi kuuliza mambo mawili. Kwanza, fedha zilitoka wapi? Hazina ya Sultani ilitegemea hasa ushuru wa biashara na karafuu, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Basi maji ya bure hayakuwa bure. Yalilipiwa kwa jasho la wasioulizwa. Pili, mfereji uliyaleta maji mapya kutoka mbali, bali ardhi iliyochafuliwa chini ya mji haukuisafisha. Aliyekosa maji ya mfereji alirudi kwenye kisima kile kile.

3. Deni lililobaki

Kipindupindu kilionekana tena Zanzibar mwaka 1978, na mara kadhaa baadaye. Mwaka 2009 maelfu ya watu walipewa chanjo, lakini mlipuko mwingine ulitokea mwaka 2015 na 2016. Mamlaka ya Maji iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na Japani pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika zikatoa fedha za miradi ya maji ya mjini. Hayo ni mema. Lakini mfadhili hupenda kuona bomba na tangi, vitu vyenye jiwe la msingi na siku ya kufunguliwa. Kupima maji ya kisima mwezi baada ya mwezi, na kuondoa uchafu uliokwisha kushuka ardhini, ni kazi isiyo na sherehe.

Hitimisho

Kanisa nalo huchimba visima katika vituo vyake. Twapendekeza kwamba kila bajeti ya kisima iwe na fungu la kupima maji, si mara moja tu, bali miaka yote kisima kitakapotumika. Na kwamba anayechafua awe wa kwanza kuulizwa gharama. Elisha alipokuwa Yeriko hakuwahamisha watu kwenda kwenye chemchemi nyingine. Aliiendea ile ile iliyokuwa mbaya, nayo ikaponywa. Nasi tusiridhike kuleta maji kutoka mbali huku jirani yetu akinywa yale tuliyoyavuruga.