Wakristo wa Siri wa Japani

Wakristo wa siri wa Japani, kwa Kijapani Kakure Kirishitan, ni waumini wa eneo la Nagasaki na visiwa vya jirani, vikiwemo Goto na Ikitsuki, walioitunza imani kwa zaidi ya miaka 200 bila padri. Ukristo ulihubiriwa Japani na Mtakatifu Fransisko Ksaveri kuanzia mwaka 1549, ukapigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614. Washukiwa walilazimishwa kukanyaga picha ya Yesu au ya Maria; aliyekataa aliteswa au kuuawa.

Imani ikahamia majumbani. Walei walibatiza watoto, wazee walitunza kalenda ya sikukuu, na sala zilizoitwa orasho zilipokezanwa kwa mdomo, hata pale maneno yake ya Kilatini na Kireno yalipokuwa hayaeleweki tena kwa wajukuu. Sanamu ya Kannon wa Kibudha, akiwa na mtoto, ilisimama badala ya Bikira Maria. Wapo wanaouita huo upotoshaji. Hukumu hiyo ni nyepesi mno kwa watu waliosali milango ikiwa imefungwa, kizazi hadi kizazi.

Tarehe 17 Machi 1865, kikundi cha watu wa Urakami kilijitambulisha kwa padri Mfaransa, Bernard Petitjean, katika kanisa la Oura mjini Nagasaki, kikiulizia sanamu ya Maria. Mateso mapya yalifuata: Wakristo zaidi ya 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu. Marufuku iliondolewa mwaka 1873. Wengi walirudi katika Kanisa Katoliki; wengine walibaki na desturi za mababu zao.