Sheikh Amri wa Uwanjani na Watoto wa Oldonyo Sambu

Ukipanda Hiace Oldonyo Sambu kuja Arusha mjini, ukifika maeneo ya stendi utauona uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wengi tumeangalia mpira pale, tumesimama juani kusikiliza wanasiasa. Siku moja nilimuuliza kijana mmoja hapo stendi: huyu Sheikh Amri alikuwa nani? Akanijibu bila wasiwasi, "Si alikuwa mchezaji wa zamani?"

Hapana, ndugu yangu. Alikuwa mshairi.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, na akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Lakini kazi yake ninayotaka tuizungumze leo ni kitabu alichokitoa mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ufundi wa kutunga, kwa kiasi kikubwa, ulikuwa ukipokewa kwa kukaa karibu na malenga. Sheikh Amri akauweka kwenye karatasi: vina ni nini, mizani huhesabiwaje. Maana yake ni kwamba hata mtu aliye mbali na pwani, asiye na malenga jirani, angeweza kujifunza na kushika kalamu mwenyewe.

Sasa tuje shuleni. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huohuo ikaja Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1968 Mwalimu akawaomba washairi wasaidie kuyafikisha mawazo hayo kwa wananchi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na kiongozi katika chama cha washairi cha UKUTA, ndiye anayetajwa kuwa baba wa ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, huyu akiuliza na yule akijibu mbele ya hadhira. Alifariki mwaka 1969, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA. Shule zikazipokea kwa mikono miwili.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Ngonjera iliwasimamisha mbele ya watu watoto ambao nyumbani hawakuzungumza Kiswahili, wakapaza sauti bila woga. Hilo si jambo dogo.

Ila kuna kitu tulikipoteza njiani. Nikiwa darasa la tano nilichaguliwa kughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Mwalimu aliandika yeye, sisi tukakariri wiki mbili. Nilikuwa na beti tatu za kumsifu mgeni kwa ujenzi wa madarasa, na huku darasa letu tulikuwa tunakaa chini. Makofi yalipigwa, soda tukanywa. Hakuna aliyetuuliza sisi tungependa kusema nini. Nilimaliza shule ya msingi nikiwa nimeghani mara nyingi na sijatunga hata mshororo mmoja.

Yaani tulirithi jukwaa la Mnyampala, tukaisahau kalamu ya Sheikh Amri.

Nawafikiria watoto wa Oldonyo Sambu, kule upande mkavu wa Mlima Meru. Wengi wao wanaanza shule wakiwa na Kimaasai vinywani. Tunadhani wanaanza sifuri, lakini mtoto huyo amekua akisikia nyimbo za rika ambazo mmoja anaanzisha na wenzake wanaitikia. Kujibizana si kitu kigeni kwake. Anachohitaji ni kufundishwa kwamba Kiswahili nacho kina mapigo, na kwamba yanaweza kuhesabiwa kwa vidole: nane upande huu, nane upande ule. Kisha aambiwe aseme alichokiona asubuhi hiyo. Pengine angeandika hivi:

Punda wangu kalemewa, na madumu ya bombani.

Hesabu mwenyewe, mizani kumi na sita imetimia. Na ndani yake kuna habari ambayo mgeni rasmi hajawahi kughaniwa.

Gharama yake ni daftari, penseli na mwalimu aliye tayari kusikia asichokiandika yeye. Nadhani hilo la mwisho ndilo gumu. Mtoto akipewa kalamu hatasifu tu, atauliza pia maji yako wapi na madawati yatakuja lini.

Siku nyingine ukipita pale uwanjani, mwambie mdogo wako kwamba jina lile ni la mtu aliyeandika ili yeye naye aweze kutunga. Halafu mpe kalamu.

Na wewe je, ulitunga shairi lako la kwanza lini? Au na wewe ulikaririshwa tu kama mimi?