Chukudu ya Masisi: vyuma vya malori juu ya mti wa mkaratusi

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa GTO, gari la Kimarekani lililobebeshwa injini kubwa kuliko kimo chake. Siku hizi wapenzi wa magari ya enzi hiyo huyafufua: bodi inabaki ile ile, ndani inatiwa injini mpya, breki za diski na shokabu za kisasa. Ni burudani ya wenye pesa. Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, nako kuna chombo cha zamani ambacho mafundi hawajaacha kukiboresha: chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ila chenyewe hakina injini.

Chukudu ilizaliwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni maduka na mashamba yao. Mwaka uliofuata bei ya shaba, mhimili wa uchumi wa Zaire (Kongo ya leo), ikaporomoka. Mafuta yakawa ya kubahatisha, vipuri vikakosekana, malori yakafia njiani. Viazi na maharagwe ya milima ya Masisi vikaendelea kuiva kama kawaida, na mji wa Goma ulipaswa kula.

Umbo lake halina siri: ubao mrefu wa mkaratusi, karibu mita mbili, uma wa mbele, usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe, na magurudumu mawili madogo ya mti mgumu. Mwenye chukudu hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma ardhi.

Ufundi wenyewe uko kwenye gurudumu. Mti ukisuguana na mti hupata moto, hulia, kisha hulika. Dawa ikapatikana kwenye magari mabovu: beringi zikapachikwa katikati ya gurudumu, vipande vya tairi kuukuu vikapigiliwa misumari kulizunguka. Nyingine zina springi mbele. Chombo kilichozaliwa kwa sababu magari yamekufa kikawa kinaishi kwa viungo vyao.

Lakini sehemu inayostahili heshima zaidi ni breki. Kutoka Mushaki, juu milimani, barabara huteremka hadi Sake, karibu na usawa wa Ziwa Kivu, na mteremko ndio unaofanya kazi ya injini. Ukiwa na magunia ya makaa yanayopita uzito wa mtu mara kadhaa, mbio si tatizo. Kusimama ndiko tatizo. Kipande cha mpira kikikandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma ndicho kinga pekee, pamoja na kandambili.

Walikale, sehemu nyingine ya Kivu Kaskazini, ni habari nyingine. Kule ni msitu, matope na mizizi, na chukudu haikufika mbali. Kasiteriti, mawe yenye bati, ya machimbo ya Bisie ilitoka kwa migongo ya wapagazi, magunia ya kilo hamsini, kupitia njia za miguu hadi Njingala.

Goma imeipa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, iliyozinduliwa mwaka 2009 na Rais Joseph Kabila. Chukudu za kazi hazidumu hivyo: baada ya miaka miwili mitatu mti hupasuka. Hapo beringi zilizo nzima hung'olewa na kuhamishiwa kwenye ubao mpya, kinyume kabisa na GTO, ambayo hubadilishwa vyuma na kuachiwa mwili.