Bajia ya Kitunguu Bila Karai

Kuna ubishi umeingia jikoni huku Kwale: bajia ya kitunguu iliyotoka kwenye kikaangio cha hewa, ile eafraya, ni bajia ama si bajia? Vijana wa Diani wanaokaa vyumba vya kupanga wanasema ni ile ile, ila haina mafuta mengi. Kina mama wa Msambweni wanacheka tu. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini tabia ya kufuatilia maneno haikuniacha.

Hebu anza na majina. Bajia ni bhajiya ya Wahindi, na karai ni karahi yao. Kila kaskazi ilipovuma, majahazi ya Kachi na Gujarati yalishuka kwenye pwani hii. Katikati ya karne ya 19, kampuni ya Wakachi ya Jairam Shivji ndiyo iliyokodi forodha ya Sultani wa Zanzibar. Rupia nayo ilitumika Kenya hadi 1920. Watu walioleta daftari za hesabu walileta na jikoni kwao.

Pwani nayo ikatia mkono wake. Wengine wakasaga kunde badala ya dengu, wakaweka chatne ya nazi pembeni. Hata pilipili ni mgeni: ilitoka Amerika, na Wareno ndio walioisambaza Bahari ya Hindi. Kitunguu chenyewe leo mara nyingi kinatoka Tanzania. Kwa hiyo anayesema mashine inaharibu asili, asili hiyo ilisafiri sana kabla ya kufika kwetu.

Lakini anayesema ni ile ile naye anakosea. Mafuta yakifika nyuzi 180, rojo inashika pale pale inapogusa. Hewa inapeleka joto polepole, na rojo nyepesi inadondoka kwenye matundu kabla ya kushika. Mashine hii, ambayo Philips waliizindua Berlin mwaka 2010, haikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni. Na kwetu ina jamaa wa zamani: kupalia. Mkate wa sinia unawekwa makaa juu ya mfuniko na chini ya sufuria, joto linauzunguka mpaka unaiva. Bajia ya mashine ni bajia ya kupalia.

Ukilikubali hilo, utaipika vizuri. Kata vitunguu vyembamba, nyunyiza chumvi, ngoja dakika 10 vitoe maji. Tia unga wa dengu (si zile ndengu za kijani tunazoita pojo), bizari, dania na pilipili. Usiongeze maji, yale ya kitunguu yanatosha. Paka mafuta kidogo, tandaza bila kurundika, weka nyuzi 190 kwa dakika 15, geuza katikati. Zitakauka vizuri, ukitafuna jirani anasikia.

Ila kuna kitu hakiingii kwenye mashine. Karai linakaa barabarani. Mama wa Ukunda akiliteleka jioni analisha mtaa, na ada ya watoto inatoka humo humo. Mwenye kumi anapata, asiye nayo anaandikwa kwenye daftari. Mashine ya wati 1,500 inakaa ndani, mlango umefungwa, na kwa dakika 20 inaweza kula nusu yuniti ya tokeni. Tofauti hii ni kubwa kuliko ya mafuta: chakula kilichovuka bahari kwa kupita mkono hadi mkono sasa kinaishia chumbani kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo ipikeni, ni tamu, msione haya. Lakini Ramadhani ikifika, saa kumi na moja jioni, bajia za kufuturu nendeni mkanunue kwenye karai.