Marumaru Mbele, Jiwe Rahisi Nyuma: Somo la Ukumbi wa Jiji la New York

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuitafuta historia vitabuni. Lakini majengo nayo ni vitabu, ila yameandikwa na tabaka lililokuwa na fedha za kuyajenga. Mgeni anapofikishwa mbele ya jengo la fahari lenye bustani ya umma, huelezwa habari za nguzo na ngazi. Kada hana budi kuuliza zaidi: fedha zilitoka wapi, jasho lilikuwa la nani, na nani alizuiwa kupita?

Tuchukue mfano wa Ukumbi wa Jiji la New York, Marekani, uliojengwa kati ya mwaka 1803 na 1812. Halmashauri ya jiji, katika kupunguza gharama, iliamua kwamba mbele na ubavuni liwekwe marumaru, na upande wa nyuma, yaani kaskazini, liwekwe jiwe rahisi la rangi ya kahawia. Jengo hilo lilikaa hivyo hadi miaka ya 1950, lilipovishwa mawe mapya pande zote.

Sasa tuitazame bustani inayolizunguka. Hapo zamani palikuwa uwanja wa wote. Wananchi walikusanyika hapo kupinga kodi za Waingereza, na tarehe 9 Julai, 1776, askari wa George Washington walisomewa hapo Tamko la Uhuru. Tamko hilo lilisema watu wote wameumbwa sawa. Hata hivyo, utumwa katika jimbo la New York ulifutwa tarehe 4 Julai, 1827, yaani miaka 51 baadaye. Wenye mali walimfukuza mfalme wakambakiza mtumwa. Huo ndio mpaka wa mapinduzi yanayoongozwa na mabwanyenye.

Watumwa hao walikuwa wapi? Walikuwa hapo hapo. Tangu miaka ya 1620 kampuni ya Kidachi ilileta Waafrika kufyeka misitu, kutengeneza barabara na kujenga ngome za mji. Mwaka 1711 halmashauri ya mji ilitenga soko rasmi la kuwauza na kuwakodisha watumwa katika mtaa wa Wall Street, ambao leo ni makao makuu ya fedha za ubepari. Walipokufa, kanisa kuu la mji liliwanyima nafasi katika makaburi yake. Basi waliwazika ndugu zao nje ya mji, hatua chache kaskazini ya mahali ambapo baadaye ukumbi ulisimama. Upande wa jiwe rahisi ndio ulioelekea makaburi ya Waafrika.

Ubaguzi huo haukuisha na utumwa. Mwezi Aprili 1865 maiti ya Rais Abraham Lincoln iliwekwa katika ukumbi huo ili watu watoe heshima zao. Halmashauri ya jiji ilitaka kuwazuia watu Weusi wasiandamane katika mazishi yake, mpaka Wizara ya Vita ilipoingilia kati. Wakaruhusiwa, lakini mwisho kabisa wa msafara.

Makaburi yale yalifukiwa na kujengewa juu, yakasahauliwa. Mwaka 1991, serikali ilipokuwa ikichimba msingi wa jengo la ofisi, mifupa ilionekana. Ilifukuliwa mifupa ya watu 419, na karibu nusu yao walikuwa watoto. Mingi ilikuwa na alama za kazi nzito zilizopita uwezo wa mwili. Wananchi Weusi waliandamana na kudai, na mwaka 1992 uchimbaji ukasimamishwa. Mwaka 2003 mabaki hayo yalizikwa upya kwa heshima, katika majeneza yaliyochongwa Ghana. Mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Tunajifunza nini? Kwanza, historia ya wanyonge haipotei, hufukiwa tu. Pili, haifukuki yenyewe: mashine zilileta mifupa juu, lakini heshima ililetwa na umoja wa watu waliokataa kunyamaza. Tatu, na hili linatuhusu sisi, tamko zuri halitoshi. Tunaweza kusoma azimio uwanjani huku tukimwacha mvujajasho nyuma ya jengo.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mkirudi wilayani zungukeni majengo yetu wenyewe. Msiishie barazani mnapopokewa. Nendeni nyuma, mtazame foleni ya wenye shida imepangwa wapi, na kama mama aliyetoka kijijini na mtoto mgongoni amepewa kivuli. Tukikuta kwamba marumaru ni ya mgeni rasmi na jiwe rahisi ni la mwananchi, tusiwacheke wa New York. Tuanze kujisahihisha.