Kukamilisha au kuuza? Uamuzi kuhusu gari la kale lililokwama katika ukarabati

Katika maboma mengi ya Kitale, Kiminini, Kimilili na Bungoma, si ajabu kulikuta gari la zamani lililoinuliwa juu ya matofali kando ya ghala la mahindi. Injini imetolewa, viti vimehamishiwa nyumbani na milango imeegemezwa ukutani. Mwenyewe alianza kulikarabati kwa ari, kisha fedha zikapungua au fundi akahama. Kila Januari karo inapohitajika, na kila Machi mbegu na mbolea zinapotafutwa, swali lile lile huzuka: je, gari hili liuzwe au likamilishwe?

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye gari la aina hiyo anapaswa kuyapima kabla ya kukata shauri.

Magari yanayohusika

Huko Marekani, wapenzi wa magari ya kale hushughulikia zaidi yale yenye injini kubwa na mbio kali ya miaka ya 1960, kama vile Ford Mustang na Pontiac GTO. Magari hayo ni nadra nchini Kenya, ambako usukani huwa upande wa kulia. Hapa nafasi yake ilichukuliwa na magari yaliyojijengea jina katika mashindano ya Safari Rally na katika barabara za vumbi.

Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka wa 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka wa 1968, ilishinda mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Ford Escort ilitwaa ushindi mwaka wa 1972 na 1977, naye Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo kati ya 1979 na 1982 akiendesha Datsun Violet. Kwa wakazi wa Magharibi, hata hivyo, Peugeot ilikuwa zaidi ya gari la mashindano: 504 yenye safu tatu za viti ndiyo iliyowabeba abiria wengi baina ya Nairobi na miji ya eneo hili. Land Rover nayo ilibaki katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia tangu enzi za walowezi.

Isitoshe, sheria za Kenya haziruhusu kwa kawaida kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo idadi ya magari haya haiongezeki. Hilo huyapa thamani, lakini si kila gari la kale ni hazina.

Hati kwanza, spana baadaye

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jambo la kwanza kuchunguza si injini bali hati ya umiliki, ambayo wengi huiita logibuku. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye huchukuliwa kuwa mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Linganisha nambari ya chesi na ya injini na zile zilizo kwenye hati. Ikiwa injini ilibadilishwa, mabadiliko hayo yapasa kuandikishwa.

Tatizo kubwa zaidi ni pale gari linapokuwa bado kwa jina la marehemu baba au babu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamkataza mtu yeyote kuiuza au kuiingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Kifungua mimba aliyelitunza gari kwa miaka kumi hana haki ya kuliuza peke yake kwa sababu tu limekaa kwake. Familia yapaswa kwanza kupata hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Ugomvi mwingi wa ndugu unaohusishwa na thamani ya gari huwa kwa kweli ni ugomvi wa kutoshirikishwa.

Gari lisilo na hati halina mnunuzi wa maana isipokuwa wa vipuri. Kwa sababu hiyo, shilingi chache zinazotumika kusafisha hati huweza kuongeza bei kuliko rangi mpya.

Hesabu isiyo na huruma

Kosa linalowakumba wengi ni kuamua kwa kutazama fedha zilizokwisha kutumika. Maji yakimwagika hayazoleki. Fedha hizo hazitarudi, liuzwe gari au likamilishwe. Maswali yenye maana ni matatu: ni kiasi gani kilichobaki kutumiwa, gari likikamilika litauzwa kwa bei gani, na leo hii, jinsi lilivyo, litapata ngapi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ametumia Sh350,000. Fundi anasema zimebaki kazi za Sh270,000. Likikamilika litauzwa kwa Sh400,000, na leo mnunuzi yuko tayari kutoa Sh90,000. Ukitoa gharama iliyobaki kwenye bei ya mwisho, unapata Sh130,000, yaani Sh40,000 zaidi ya bei ya leo. Inaonekana afadhali kukamilisha. Lakini makadirio ya ukarabati wa gari kuukuu ni nadra kutimia. Ongeza theluthi moja, na gharama iliyobaki inafika Sh360,000. Sasa kinachosalia ni Sh40,000 tu, na mwenye gari atakuwa amefanya kazi mwaka mzima ili apoteze Sh50,000. Zile Sh350,000 za awali hazikuingia popote katika hesabu hii.

Bila shaka si kila mtu hukarabati ili auze. Anayetaka kuliendesha gari la marehemu baba yake anaruhusiwa kulipia furaha hiyo, mradi ajue bei yake na asiitoe kwenye karo ya watoto.

Yanayopandisha na kushusha thamani

Bodi huzidi injini kwa umuhimu. Injini ya Peugeot au Datsun inaweza kufunguliwa na mafundi wa jua kali wa Kitale au Bungoma, lakini sakafu na nguzo za bodi zilizoliwa na kutu huhitaji kukatwa na kuchomelewa upya. Gonga kwa ufunguo chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Mlio mzito usio wa bati huashiria puti iliyofunika kutu.

Ukamilifu wa vipande ni jambo la pili. Taa, vioo, nembo, vishikio vya milango na dashibodi ya asili ni vigumu kupatikana kuliko pistoni. Gari lililofunguliwa huku vipande vyake vikiwa vimewekewa alama katika masanduku lina bei. Lile ambalo vipande vyake vimetawanyika kwa mafundi watatu ni fumbo ambalo mnunuzi hulipia kidogo.

Tatu ni mafuta. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na baadhi ya injini za kale huhitaji vikalio vya vali vilivyo vigumu zaidi. Gharama hiyo iingizwe katika makadirio.

Kuhifadhi nako ni uamuzi

Asiyeweza kukamilisha wala kuwa tayari kuuza anaweza kuhifadhi, lakini kuhifadhi si kutelekeza. Mvua za Trans Nzoia huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Novemba. Gari linahitaji paa, sakafu kavu, na mafuta ndani ya silinda. Turubai iliyogusana na bodi hunasa unyevu na kuharakisha kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kila msimu wa mvua unaopita hupunguza kile ambacho kingeuzwa. Heri mwenye gari ajiwekee tarehe, tuseme baada ya mavuno, na iwapo kazi haitakuwa imeanza, auze.

Ukiamua kuuza

Usimwite mnunuzi wa vyuma vikuukuu kwanza. Yeye hulipa kwa kilo, na tangu Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 anapaswa kuwa na leseni. Piga picha za kila upande, pamoja na sehemu zenye kutu, kisha uandike orodha ya kilichopo na kisichopo. Wapenzi wengi wa magari haya wako Nairobi, ambako maonyesho ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika tangu 1970, huku mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanza 2003, yakiendeleza hamu hiyo.

Mauziano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Uhamisho wa umiliki hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen, chini ya mamlaka ya usafiri NTSA. Usilikabidhi gari na hati kwa ahadi ya kwamba mnunuzi "atabadilisha baadaye", kwani likihusika katika ajali au uhalifu, jina litakalotafutwa ni lako.

Hatimaye, anayeuza gari ambalo hakulimaliza hajashindwa. Huenda akawa amemkabidhi mtu mwingine nafasi ya kulirejesha barabarani kutoka Kitale hadi Webuye na Bungoma, wakati ambapo kuendelea kulishikilia kungeliacha likiisha kwa kutu. Linalopaswa kuepukwa ni kutoamua, kwa maana kutu haingoji mashauri ya mtu.