UZI: Je, mtu anaweza kula kwa kusoma mpira? Historia fupi kutoka mpakani Busia

1/ Kila mara mjadala wa AFCON 2027 ukianza huku mtandaoni, lazima nikutane na sentensi tatu. "Mashindano yatatutajirisha wote." "Msichanganye michezo na siasa." "Hizo digrii za kusoma jamii hazisaidii nchi." Mimi nimekulia Busia upande wa Kenya na nasoma sayansi ya siasa. Leo nazipitia hizo tatu kwa historia. Sitaji mwanasiasa wala chama. Ukiwataja kwenye majibu, hiyo ni juu yako.

2/ Kwanza niseme kwa nini hii kitu inanigusa. Muhula huu lazima nichague mada ya mradi wa utafiti. Nimeandika: nani hufaidika na mashindano makubwa, wachuuzi wa Busia na Malaba kuelekea AFCON 2027. Mama akasoma kichwa tu, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni kazi ama ni mchezo?" Mama huuza mahindi na maharagwe yanayovuka kutoka Uganda. Karo yangu yote imepimwa kwa gorogoro. Kwa hivyo swali lake si mzaha.

3/ Tuanzie mbali kidogo. Wengi hawajui kwamba hadi 1902, hapa tulipo palihesabiwa kuwa Uganda. Ni mwaka huo ambapo Uingereza iliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ukawa upande wa Kenya. Mstari wenyewe ukaelezwa kwa amri ya 1926. Wateso na Wasamia wakajikuta wako pande zote mbili, shamba huku, mjomba kule. Hakuna aliyewauliza.

4/ Sasa angalia hii. Mwaka huohuo wa 1926, Kenya na Uganda zikaanza kugombea Kombe la Gossage. Gossage ni nani? Ni kampuni ya sabuni ya Uingereza. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar ikafuata. Kombe hilo likachezwa hadi 1966, kisha likageuka Challenge Cup, na tangu 1973 tunalijua kama Kombe la CECAFA. Yaani wadhamini wenye bidhaa ya kuuza hawakuja jana na kampuni za kubeti. Walikuwepo tangu kombe la kwanza.

5/ Hapo ndipo kazi ya mtu wa sosholojia ya michezo inaanza. Yeye hakuulizi nani alifunga. Anauliza: nani alilipa, anauza nini, na jezi hii inamfanya nani ajione ni "sisi"? Mzee wa Busia mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, mwaka 1926 timu yake ilikuwa ipi? Mpaka ulichorwa kwenye karatasi, lakini mpira ulisaidia watu kuuamini.

6/ Twende sentensi ya "msichanganye michezo na siasa". Mwaka 1976 Kenya, Uganda na Tanzania zote zilisusia Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500. Hakukimbia. Huo uamuzi ulikuwa wa siasa, na wengi wetu leo tunasema ulikuwa sahihi.

7/ Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Kenya ikasusia tena, safari hii pamoja na Marekani. Uganda na Tanzania zikaenda. Bayi akapata fedha, Suleiman Nyambui akapata fedha, na bondia John Mugabi wa Uganda akapata fedha. Mpaka uleule wa Malaba: upande mmoja bondia anarudi na medali, upande wa pili wanamichezo wamekaa nyumbani. Ukisema siasa haikuingia hapo, utaeleza vipi?

8/ Na kuna John Akii-Bua. Munich 1972 alishinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Utawala wa kijeshi wa Uganda ulipoanguka 1979, bingwa huyo alivuka mpaka akaingia Kenya kama mkimbizi yeyote. Akawekwa kambini. Waliomsaidia kutoka ni kampuni ya viatu ya Puma, akaenda Ujerumani. Medali ni ya taifa, lakini siku mambo yalipoharibika, ni kampuni ya viatu iliyokuja kumchukua.

9/ Ndani ya Kenya pia. Klabu ilianzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya. Mwaka 1980 agizo likatoka kwamba majina ya kikabila yaondolewe, ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, mashabiki hawakubadilika. Hapa kwetu bado watu wanasema "Ingwe" na kila mtu anaelewa unaongea na nani. Agizo la serikali linafika wapi, na mapenzi ya watu yanaanzia wapi? Hilo ni swali la sayansi ya siasa, halina haja ya kuombewa ruhusa.

10/ Sasa sentensi ya digrii. Kuna watu wamefanya hii kazi maisha yao yote. John Bale, Mwingereza wa jiografia, na Joe Sang, Mkenya, walitoa kitabu Kenyan Running mwaka 1996. Walikataa hadithi rahisi kwamba Mkenya huzaliwa akikimbia. Wakafuata shule za kikoloni, jeshi, polisi, magereza, na soko la dunia la mbio. Wycliffe Njororai, Mkenya anayefundisha chuo kikuu Texas, ameandika kuhusu urithi wa ukoloni katika soka ya Kenya na kuhusu wanariadha wetu kuhamia nje. Hamad Ndee ameandika historia ya michezo Tanzania.

11/ Na kwa wenzangu wa siasa: Scarlett Cornelissen wa Stellenbosch, Afrika Kusini, ni profesa wa sayansi ya siasa. Amechambua siasa za mashindano makubwa, Kombe la Dunia la 2010 likiwemo. Kwa hivyo mlango upo. Lakini nisiwadanganye. Njia yenyewe ni digrii, uzamili, uzamifu, na nafasi za kazi ni chache. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 tuliuona wote, wiki baada ya wiki bila darasa. Mama anajua hayo. Ndiyo maana anauliza.

12/ Jibu langu linategemea sentensi ya kwanza: "yatatutajirisha wote". Montreal iliandaa Olimpiki 1976, ikamaliza kulipa deni la uwanja wake 2006. Miaka thelathini. Afrika Kusini 2010 ilitumia viwanja 10. Viwanja vilijaa, ndiyo, lakini wachuuzi wa kawaida walitolewa kando ya viwanja kwa sababu eneo hilo lilikuwa la wadhamini. Aliyekuwa akiuza hapo miaka yote akaambiwa asogee wiki ambayo wateja wamekuja.

13/ Sisi wenyewe tuna historia. Kenya ilipewa AFCON 1996, ikanyang'anywa, Afrika Kusini ikaandaa na kushinda. Ikapewa CHAN 2018, ikanyang'anywa 2017, ikaenda Morocco. Halafu hatimaye CHAN ya Agosti 2025, sisi na Uganda na Tanzania. Ndiyo mashindano makubwa ya kwanza ya soka ambayo rika langu limeyaona nyumbani. Tulipowafunga Morocco 1-0 tukiwa wachezaji kumi, Busia ililala saa nane usiku.

14/ Basi niwaambie nilichoona hapa. Kuna kijana jirani ya mama sokoni, alikuwa akiuza soksi. Agosti akageuka muuza jezi. Alikuwa mjanja: za Harambee Stars mkono wa kulia, za Cranes mkono wa kushoto, akitembea karibu na geti la mpaka. Wiki mbili aliuza vizuri. Akaenda akakopa, akaongeza mzigo. Tarehe 22 Madagascar wakatutoa kwa penalti. Kesho yake Senegal wakaitoa Uganda. Siku mbili tu, mikono yote miwili ikakosa mteja. Deni alilipa kwa soksi hadi Krismasi.

15/ Wenye vibanda vya kuonyesha mpira walipata. Mama wa chapati karibu na vibanda alipata. Watu wa boda walipata usiku wa mechi. Mama yangu na maharagwe yake? Hakuna tofauti aliyoiona. Madereva wa malori Malaba walikaa kwenye foleni ileile wakisikiliza mechi redioni. Kwa hivyo "wote" ni uongo, na "hakuna" pia ni uongo. Jibu la kweli ni: nani, kiasi gani, na kwa gharama ya nani. Hilo halijulikani mpaka mtu akae chini ahesabu.

16/ Wapinzani wangu watasema, "Soko lenyewe litajipanga, hakuna haja ya profesa." Nawapa nusu ya hoja. Boda boda yenyewe ilizaliwa hapa mpakani, vijana na baiskeli wakibeba watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, "border, border". Hakuna wizara iliyobuni. Lakini jina lilienea Afrika Mashariki yote, na ni nani aliyeandika walipata nini, waliumia vipi, nani alikuwa mwenye baiskeli? Tusipohesabu, ushindi wetu hubaki hadithi na hasara zetu husahaulika.

17/ Kwa hivyo mtu yeyote akija kuomba kura yako kwa jina la AFCON 2027, muulize haya:
– Wachuuzi watauzia wapi siku ya mechi, na nani amekubaliana nao?
– Shabiki wa basi kutoka Kampala kwenda Nairobi atapita Busia au Malaba. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi 2018. Kimeandaliwa kwa umati huo?
– Uwanja mpya utatunzwa na pesa gani mwaka wa tano?
– Mapato ya sasa ya watu yamepimwa, ili baadaye tulinganishe?
Hilo la mwisho ndilo muhimu. Bila hesabu ya kabla, kila mtu atadai chochote baadaye.

18/ Na hilo la mwisho ndiyo kazi yangu ninayoitaka. Hakuna lugha kubwa. Ni kwenda kwa mtu yuleyule mara tatu, kabla, wakati, na baada, na kumuuliza swali lilelile. Halafu kwenda kwenye nyaraka za zamani kuona waliotutangulia waliahidiwa nini. Kama nikishindwa kupata kazi chuoni, angalau kaunti yangu itakuwa na namba ambazo haikuwa nazo.

19/ Nilimweleza mama hivyo juzi, nikamtajia mfano wa yule kijana wa jezi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hivyo unataka kuandika kwamba sisi hatukupata." Nikamwambia, hapana, nataka kuhesabu kwanza. Akasema, "Basi anza na mimi. Daftari liko chini ya mzani. Lakini usichanganye kurasa za madeni."

20/ Nimeanza na daftari hilo. Linafika hadi 2019. Kama wewe uko Busia, Malaba, Sofia ama popote mpakani na uliuza kitu Agosti 2025, hata kama ni mayai ya kuchemsha, niambie kwenye majibu: uliuza nini, na wiki hiyo ilikuwa tofauti na wiki ya kawaida? Aliyepata aseme, na aliyekula hasara aseme pia. Mwisho wa uzi.